Vikombe vya Kutazama

Mwanjelwa, Mbeya
Jumatatu, 9 Septemba 2024

Bibi Kumud,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba baridi ya Iringa imeanza kulegea. Sisi huku vumbi limeshatugeuza wote rangi moja. Simu najua huipendi, unasema inakupigia kelele sikioni, ndiyo maana nimeiweka barua ndani ya mfuko wa nailoni, juu ya barafu, pamoja na vikombe. Kondakta wa basi nimemwapisha asilikalie boksi.

Vitoe taratibu, Bibi. Viweke mezani, usivile kwanza, vitazame. Tabaka la chini ni biskuti zilizosagwa na siagi, la kati ni krimu ya maziwa yenye iliki, na lile jekundu la juu linalong'aa ndilo ninalojivunia. Wenyewe wanaliita kioo. Siku ya kwanza nilipolimimina likatulia, nikaona taa ya dukani imo ndani yake pamoja na pua yangu, nilikaa chini. Kweli nilikaa chini, juu ya ndoo. Sikujua kama mikono yangu inaweza kutoa kitu cha namna ile.

Mayai sijatia, najua hamli. Na usiwe na wasiwasi kuhusu jelatini inayogandisha hicho kioo. Nimehangaika maduka yote mpaka nimepata iliyo halali, ya ng'ombe mtupu, si ya yule mnyama mwingine. Hata shehe angelamba kijiko.

Sasa shida yangu. Vijana wanajaa hapa dukani kila jioni. Wanapiga picha, wanageuza kikombe huku na huku, wanapiga tena. Halafu vijiko viwili, basi, wanaacha. Nikikusanya vyombo nakuta vikombe vimejaa nusu. Wakiondoka wanasema, "Da Naima, ni vizuri sana!" Vizuri. Hakuna hata mmoja aliyesema ni vitamu. Mimi mwenyewe nimeonja mpaka ulimi umechoka, hauniambii kitu.

Mjukuu wako Dhaval ameniomba niandae meza ya vitamutamu kwenye harusi yake mwezi wa kumi na mbili. Nimemwambia nakubali kwa sharti moja, Bibi aonje kwanza na aseme. Tangu mama afariki, ulimi ninaouamini duniani ni wako. Wewe na yeye ndio mlionifundisha kuonja, huku mkibishana juu ya iliki kwenye ule ukuta wa uani uliotenganisha nyumba zetu. Ukisema ni tamu, nakuja Mlandege. Ukisema si tamu, Dhaval atafute mtu mwingine, na mimi nitafikiria upya kama hii ndiyo kazi niliyoumbiwa.

Nangoja kwa hamu.

Mjukuu wako,
Naima binti Yunusu


Mlandege, Iringa
Jumamosi, 14 Septemba 2024

Mwanangu Naima,

Marahaba. Vikombe vimefika vyote salama, hakuna kilichopinduka. Mshukuru huyo kondakta.

Nilipofungua boksi nilijiziba mdomo kwa mkono. Nimeuza vyombo maisha yangu yote kwenye duka la marehemu mume wangu Harilal, bilauri na sahani za kila aina zimepita mikononi mwangu, lakini kioo kinachokaa juu ya krimu sijawahi kukiona. Nilivipanga dirishani. Asubuhi jua likapita ndani yake, likaacha doa jekundu ukutani, nami nikaenda kulishika. Mtu mzima kama mimi, naenda kushika ukuta! Nikamwita jirani yetu Faustina aje aone. Akasema hii kazi ya mashine. Nikamwambia mashine gani, hii ni kazi ya mtoto wa Jaha.

Kuhusu mayai umenifurahisha sana, umekumbuka. Watu wote hapa nyumbani wamevisifu. Mungu aibariki mikono yako.

Hivi huko Mbeya bado mnapata yale maziwa mazito ya Rungwe? Huku siku hizi tunauziwa maji yenye rangi. Dhaval anakusalimu, harusi imemfanya awe mtu wa kutafuta soksi zake kila saa.

Bibi yako,
Kumud


Mwanjelwa, Mbeya
Jumatatu, 23 Septemba 2024

Bibi Kumud,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mbele na nyuma, nikachungulia hata ndani ya bahasha labda kuna kipande kimebaki. Umeniambia dirisha, umeniambia ukuta, umeniambia maziwa ya Rungwe. Ladha hukuigusa.

Nakufahamu, Bibi. Kwenye harusi ya shangazi yangu pilau ilipoungua, ulimfuata mpishi ukamsifia masinia. Mama alicheka njia nzima. Sasa na mimi naona nimesifiwa sinia.

Sijakasirika. Nimekaa, nimefikiria, nimepunguza sukari kwenye krimu. Safari hii kioo nimekitengeneza kwa kakao ya Kyela, cheusi kabisa, mtu anaweza kujichania nywele humo. Nilipokimimina Mwanjelwa yote ilinyamaza, au labda ni masikio yangu tu. Nakuomba kijiko kimoja na neno moja. Hata kama neno lenyewe ni baya, nitalipokea. Harusi inakaribia na mimi siwezi kupanga meza ya watu kwa kubahatisha.

Wako,
Naima


Mlandege, Iringa
Jumatano, 2 Oktoba 2024

Da Naima, mambo vipi,

Bibi anasema kichwa kinamuuma, kwa hiyo amenituma nikuandikie kwamba boksi limefika. Aisee, vile vyeusi ni hatari! Nimewatumia washkaji picha, wote wanauliza umetoa wapi mtaalamu. Mchumba wangu anasema meza nzima iwe hivyo hivyo.

Ila kuhusu ladha usiniulize mimi. Nilinyoosha mkono nichukue kimoja, Bibi akanipiga kofi mkononi: "Acha, vya kutazama hivyo." Na vile vyekundu vya mwanzo ilikuwa hivyo hivyo. Yeye mwenyewe hajatia hata kijiko. Anavitazama asubuhi, anavitazama mchana, ikifika jioni anampelekea jirani Faustina, na wanawe wanavifyeka dakika moja. Hao ndio mashabiki wako wakubwa, usijali. Nadhani Bibi anaona ni dhambi kuviharibu, jinsi vilivyo vizuri.

Tuko pamoja. Usisahau tarehe, maana mimi mwenyewe nikisahau nitauawa.

Dhaval


Mwanjelwa, Mbeya
Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Bibi Kumud,

Shikamoo. Pole na kichwa.

Dhaval ameniandikia. Hakujua anachokisema, kwa hiyo usimgombeze. Ameniambia hujaonja. Mara ya kwanza hukuonja, na mara ya pili hukuonja. Mimi huku nabadilisha sukari, nabadilisha krimu, nahesabu makosa yangu, kumbe kijiko hakijafika hata mdomoni.

Nimelia, sikufichi. Nimekula kwenye mkeka wa jikoni kwako tangu sijaota meno, na wewe umekula kwetu sikukuu zote. Leo mama hayupo, naona chakula cha mkono wangu kinaishia kwa jirani. Kama siku hizi hamli kwa Waislamu, niambie tu kwa mdomo wako. Nitaelewa, au nitajaribu. Lakini usiniache nije kupanga meza kwenye harusi yenu, halafu wageni wako wakae wavitazame kama unavyovitazama wewe. Aibu hiyo sitaiweza.

Naima


Mlandege, Iringa
Jumamosi, 12 Oktoba 2024

Naima, mwanangu,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikachukua kalamu papo hapo. Umeniumiza, na mimi ndiye niliyeanza kukuumiza, kwa hiyo acha nikueleze moja kwa moja.

Lile boksi la kwanza nililifungua kijiko kikiwa mkononi. Kijiko kilishagusa kioo. Kwa mkono mwingine nilikuwa nimeshika barua yako, nikafika pale uliposema jelatini ni ya ng'ombe mtupu. Ndipo nilipoweka kijiko chini.

Unajua jelatini ni nini, binti yangu? Ni ngozi na mifupa, vinachemshwa mpaka vitoe ule ute, unakaushwa unakuwa unga. Kwako ni halali, na naiona jinsi ulivyoihangaikia kwa moyo safi. Lakini kwetu Wahindu ng'ombe ni ng'ombe, hata achinjwe na nani, hatumli. Ulikumbuka mayai, ukamsahau ng'ombe, kwa sababu alikuja kwako ndani ya pakiti, hana pembe wala mkia.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Mama yako alikuwa na sufuria moja ambayo kifuniko chake alikifunga uzi mwekundu. Kila alichotuletea, miaka yote ile, kilitoka humo, na nyama haikuingia humo hata mara moja. Hakuniambia. Nililijua jambo hilo kwenye msiba wake, Faustina alipotaka kupashia mchuzi wa nyama na shangazi zako wakapiga kelele, "Hiyo ya akina Harilal!" Niliganda pale uani na sahani mkononi. Mtu alinitunza hivyo na sikuwahi kumuuliza umetia nini, wala yeye hakuwahi kunidai shukrani. Sasa nianzie wapi kumpekua mtoto wake? Kila nilipotaka kuandika, niliona nitakuwa nimemwambia Jaha kwamba mkono wa mwanawe ni mchafu. Nikangoja nafasi ya kukuambia kwa upole. Nafasi yenyewe haikuja, na harusi ingefika, na wazee wa upande wa bibi harusi wangekaa mezani wale. Hapo tungeaibika wote wawili.

Nimekuwekea mfuko wa nyuzi nyeupe, nyepesi kama manyoya ya kuku. Sisi tunaziita chaina grasi. Ni mwani tu, mwani wa baharini. Bibi mzaa mama yako aliyetoka Pangani angeucheka kwa kuuona umekauka hivyo. Uchemshe kwa maji mpaka upotee kabisa, halafu uuache mezani. Friji huhitaji.

Jaribu huo, unitumie. Hakuna kitu nyumbani mwangu ninachokitamani kama kijiko cha mkono wako.

Bibi yako,
Kumud


Mwanjelwa, Mbeya
Jumatatu, 11 Novemba 2024

Bibi yangu Kumud,

Shikamoo, shikamoo tena. Nilicheka, nikalia, kisha nikaitukana ile pakiti. Nisamehe kwa maneno yale ya Waislamu. Yalinitoka kwa uchungu, na uchungu hauna breki. Ile sufuria ya uzi mwekundu niliirithi mimi, nikadhani mama aliweka alama isipotee kwenye shughuli. Nimeipikia kila kitu. Kwa hiyo nimenunua nyingine mpya, na uzi nimeufunga mwenyewe.

Nimekaa kimya mwezi mzima kwa sababu nilikuwa napigana na mwani wako, na leo nina habari ambayo sijui hata nikusimulie vipi.

Kwanza niliuchemsha kwa maji matupu, nikauacha mezani kama ulivyosema. Nilipogeuka kumhudumia mteja mmoja na kurudi, umeganda! Joto la mchana, hakuna barafu, na umesimama wima. Niligusa kwa kidole nikasema subhanallah peke yangu. Ila haung'ai kama kile kioo. Una ukungu kidogo. Nikasema basi, nitaupa rangi. Nimechoka na rangi za chupa, nikachemsha choya, yale maua mekundu makavu ya kutengenezea juisi. Nikachanganya na mwani, nikachemsha vyote pamoja. Ukawa uji. Nikarudia, uji. Nikaongeza mwani, uji mzito. Nikaanza kuamini mwani una kisirani na mimi.

Siku moja naosha jagi la choya kwa sabuni ya unga. Bibi, yale masalia mekundu yaligeuka buluu mbele ya macho yangu! Povu lote buluu. Nilirudi nyuma hatua moja. Nikaita jirani wa duka la simu, akaja, akasema labda jagi lina umeme. Usiku kucha nawaza. Asubuhi nikachukua chembe ya magadi, yale ya kulainishia maharage, nikatia kwenye choya kabla ya kuchanganya na mwani. Nyekundu ikatoka, ikaja rangi kama ya mbingu mvua ikikaribia kunyesha mlimani Loleza. Na ukaganda, safi, umesimama! Kumbe ule ukali wa choya ndio uliokuwa unaukataza mwani kushikana, na magadi yameufukuza ukali.

Nikaonja. Hauna kitu. Umepooza kabisa, ni kama kulamba dirisha. Nikakaa nao mbele yangu, mzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kutengeneza, na hauna ladha hata ya kumpa paka. Hasira zikanipanda, nikakamulia ndimu juu yake, hivi hivi, kwa kuukomoa.

Sijui kama umewahi kuona kitu kikianza kuishi. Pale tone lilipoangukia pakawa waridi. Kisha waridi ikatembea. Ikashuka polepole ndani ya ile buluu, inatafuta njia, pembeni zambarau, katikati nyekundu, na kila sekunde ni kitu kingine. Nikachukua kijiko, nikala palipogeuka, na choya yote ilikuwa imerudi, kali, tamu, ikafika mpaka nyuma ya masikio. Nikala palipobaki buluu, hakuna kitu. Ndipo nikaelewa. Kinachobadilisha rangi ndicho kinachotia ladha. Anayetaka kuona lazima amimine ndimu, na akishamimina, chakula kimeshakuwa kitamu. Macho na ulimi vimefungwa pamoja, na si mimi niliyevifunga. Vilikuwa hivyo tangu Mungu aumbe choya. Mimi nimevikuta tu.

Ndani ya boksi kuna vikombe, na chupa ya shira ya ndimu. Mmimine wenyewe mezani. Kuna biskuti na siagi, krimu, maziwa, sukari, iliki, mwani, choya, na chembe ya magadi. Hakuna kingine. Ukiwa na swali uliza, Bibi, uliza mara mia. Kuulizwa na wewe si kupekuliwa.

Naima


Mlandege, Iringa
Jumamosi, 16 Novemba 2024

Naima,

Boksi limefika jana, na mvua ya kwanza imefika nalo. Niliwakalisha wote mezani: Dhaval, mchumba wake, na Faustina ambaye nilimwambia safari hii hapelekewi kitu nyumbani, aje ale hapa.

Nikaweka vikombe katikati. Mchumba wa Dhaval akasema, jamani, hii rangi ni ya kweli? Nikafungua chupa, nikamimina shira kwenye cha kwangu. Ikamwagika kidogo mezani, sikujali. Halafu tukainama wote, vichwa vinagongana. Ile waridi ilipoanza kutembea, nilisikia mvua tu juu ya bati. Faustina alishika mkono wangu, akanong'ona kwa Kihehe, "Kamwene," kana kwamba ameingia mgeni mlangoni anamsalimu. Nimeishi Iringa tangu kuzaliwa, nimesalimiwa kamwene mara ngapi sijui, lakini jana ndiyo mara ya kwanza neno hilo limenitoa machozi.

Kisha nikala, Naima.

Sikungoja ishuke mpaka chini. Ule ukali ulinishika taya zote mbili, ikaja krimu ikaupoza, na mwani ukakatika kwenye meno kama unavyotakiwa kukatika. Nilifunga mdomo nikakaa nao. Dhaval akauliza, "Bibi, vipi?" Nikamwonyesha kwa mkono anyamaze. Nilimaliza changu, nikavuta na kikombe kilichokuwa cha akiba, nikamimina, nikala. Ni tamu. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, macho yangu yakiwa mazima: ni tamu. Meza ya harusi ni yako, na mtu akitaka kujua kilichomo nitamwambia mimi.

Sasa nisikilize vizuri. Shira yako ina sukari nyingi mno, inaifunika iliki. Biskuti ya chini imelowa kwa sababu ya safari, isage nene zaidi. Na krimu ingekuwa bora kama maziwa yangechemka taratibu kidogo, una haraka kama mama yako, nilimwambia hilo kila siku na hakunisikia. Kwenye barua yangu ya kwanza sikukuta kosa hata moja kwenye vikombe vyako, kwa sababu sikuwa nimevila.

Jana nimekula. Punguza sukari, uje.

Kumud